Kitufe cha Kupiga Magoti

Aliyeniita bibi mwenye sura ya kiatu kilicholowa ni kijana nisiyemjua jina wala uso. Aliandika hivyo mtandaoni siku ya pili baada ya gemu yetu kutoka, na watu zaidi ya elfu wakampigia dole juu. Niliyasoma maneno hayo nikiwa jikoni kwangu, hapa Namcheon, mtaa wa Busan, huku samaki anaungua kikaangoni. Nikazima jiko, nikayasoma tena, kisha nikacheka peke yangu. Mtu aliyekaa jukwaani miaka arobaini kama mimi ameshatukanwa na walevi, na wakosoaji wa magazeti, na mama mkwe wake. Kiatu kilicholowa angalau ni tusi lenye picha.

Naitwa Ma Gumsun. Si Busan nzima wanaonijua, lakini wanaokwenda kwenye kumbi ndogo za maigizo wanaijua sauti yangu. Nimeigiza mama wa kila aina: mama wa kuzaa, mama wa kambo, mama mkwe, mama aliyekufa akarudi kudai wali wake. Nilidhani nitafia humo humo, mpaka siku moja, onyesho lilipokwisha, akaja msichana mrefu mwenye miwani mikubwa akaniinamia hadi nywele zikagusa sakafu.

"Mwalimu," aliniambia, maana huku kwetu mwigizaji mzee huitwa mwalimu hata kama hajawahi kumfundisha mtu kitu. "Naitwa Pyo Ranhi. Natengeneza gemu. Nauomba uso wako."

"Uso wangu? Utaufanyia nini, utatishia wezi?"

Hakucheka. Akanieleza. Gemu yenyewe iliitwa *Soli*. Hakuna kupigana ndani yake wala kufukuzana. Ni hadithi, inakwenda kama filamu, ila anayecheza ndiye anayemwongoza mhusika: aende wapi, amuulize nani, amwamini nani. Mhusika ni Mama Jonga, mwanamke wa makamo ya mwisho, mwaka 1986. Binti yake alikuwa mbandikaji soli katika kiwanda cha viatu, akafa kazini. Kiwanda kinasema alikuwa mzembe na mchochezi. Mwili uko hospitalini, na hautatolewa mpaka mwenye kiwanda aseme neno. Basi mama anapanda na kushuka ngazi za milima ya Busan, anabisha hodi kwa wasichana waliokuwa wakifanya kazi na mwanawe, anaunganisha ukweli kidogo kidogo. Ranhi alikuwa ameitunga kutokana na masimulizi ya shangazi zake, ambao wote walipitia viwandani.

Nilikubali. Nikavalishwa nguo nyeusi ya kubana iliyojaa vidoti vyeupe vya kunasia mwendo wangu, nikafungiwa kamera ndogo mbele ya uso kama mbuzi aliyefungiwa majani asiyafikie, na katika ghala moja kuukuu kule kisiwani Yeongdo nikaigiza mbele ya vijana kumi na mmoja wanaokula tambi za kopo mchana na usiku. Sijawahi kufanya kazi nikafurahi kiasi kile.

Onyesho la mwisho ndilo lililoleta balaa. Mama Jonga anafika ofisini kwa mwenye kiwanda. Yule bwana anamwambia: piga magoti, niombe radhi kwa fujo alizofanya binti yako, nikupe mwili wake. Hapo mchezaji anapewa vitufe viwili, KUPIGA MAGOTI na KUSIMAMA. Maandishi ya Ranhi yalikuwa na miisho yote miwili. Tukarekodi wa kusimama: anageuka, anatoka, anakwenda kuketi mbele ya geti la kiwanda na picha ya mwanawe kifuani, na wafanyakazi wanaanza kutoka mmoja mmoja kuketi naye. Basi, inaishia hapo. Kisha tukaanza wa kupiga magoti. Nikateremka. Goti moja lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kugusa sakafu, mwili ukakataa. Sijui niseme vipi. Nilijiona nanyanyuka, nikanyooka, nikamtazama yule bwana machoni.

Ranhi akatoka nyuma ya skrini zake, machozi yanamtiririka.

"Mwalimu, imetosha," alisema. "Hatuurekodi tena."

Akaiacha vile vile. Ukibonyeza KUSIMAMA, mama anasimama. Ukibonyeza KUPIGA MAGOTI, anateremka, anakataa, anasimama pia.

Gemu ikatoka mwezi wa kumi. Wahakiki wakagawanyika kama ndugu kwenye urithi. Wa nje ya nchi walitusifu mno; mmoja aliandika kwamba uso wa Mama Jonga ulimfuata hadi kitandani. Wa jarida moja la Seoul, bwana aitwaye Gil, akatupa arobaini na tano kwa mia, akasema hii ni filamu nzuri iliyokosea mlango ikaingia duka la michezo. Sikumkasirikia. Alikuwa ameicheza yote na alieleza sababu zake.

Wachezaji ndio waliotuchambua kama dagaa. *Nimelipa kutazama bibi akipanda ngazi. Anatembea polepole kuliko mtandao wa kijijini kwetu. Hamkuwa na msichana mzuri?* Hayo ya uso na mwendo yangepita. Kilichowasha moto ni kile kitufe. *Mmenipa chaguo kisha mmeninyang'anya. Nimebonyeza, kwa nini hatii?*

Na kwenye moto huo akaja mtu wa kupepea. Kuna kijana anajiita Figili, kazi yake ni kucheza gemu huku maelfu wakimtazama mtandaoni. Alifika onyesho la mwisho, akabonyeza KUPIGA MAGOTI. Mama Jonga akateremka, akanyanyuka. Figili akarudia. Akanyanyuka. Mara ya tatu akasimama juu ya kiti chake, mishipa ya shingo imemtoka.

"Bibi!" alipayuka. "Bibi, piga magoti! Nani bosi hapa, wewe au mimi? Piga ma-go-ti!"

Watazamaji wake wakaitia mdundo, ikawa wimbo. Haikupita wiki nikausikia kwa watoto wa shule kwenye kituo cha treni ya chini ya ardhi, wanaimba wakirukaruka, na mimi nimesimama nyuma yao na mfuko wangu wa vitunguu. Watu ambao hawajaigusa gemu wakaja kutupigia dole chini ili tu wawemo. Asubuhi duka la mtandaoni lilikuwa limetuandikia "nzuri", jioni "mbaya", kesho yake "mbaya mno".

Hapo ndipo Bwana Seonu alipopanda treni kutoka Seoul. Ndiye aliyetumwa na kampuni iliyogharamia kazi yetu. Alikuja ghalani na boksi la mizizi ya dawa ya bei kali limefungwa utepe wa dhahabu, akaniwekea mapajani kwa mikono miwili. Nikajua ninaombwa kitu kibaya.

"Mwalimu Ma," alianza, "sisi sote tunaheshimu sana kazi yako."

"Sema tu, bwana. Treni ya kurudi haikungoji."

Akatabasamu. "Mambo mawili madogo. La kwanza, tunataka kuongeza uso wa pili. Anayetaka abaki na wako. Asiyetaka amchague Mama Jonga akiwa, tuseme, na miaka thelathini."

"Miaka thelathini, na binti wa miaka kumi na tisa?"

"Ni gemu tu, Mwalimu."

"Na la pili?"

"La pili ni kitufe. Tunaomba siku moja ya kurekodi. Unapiga magoti, bwana yule anaguswa moyo, anatoa mwili, jua linachomoza, muziki. Wachezaji wanataka kutiiwa. Wakitiiwa, hasira itakwisha."

Nilimrudishia boksi lake, nami kwa mikono miwili.

"Bwana Seonu, uso huu nimeutengeneza miaka sitini na saba. Kwa uso huu nimewalilia wazazi, nimemlilia mume, nimewachekea watu walionitazama kwa kiingilio cha bei ya kikombe cha kahawa. Siupaki chokaa kwa ajili ya mtoto anayekojoa kitandani. Na magoti ni yangu pia. Nenda kawaambie wenzako bibi amekataa."

Akamgeukia Ranhi. Ranhi alikuwa anatazama viatu vyake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, na ukimya ule ulinichoma kuliko kiatu kilicholowa.

Mgeni alipoondoka tulikabana kwenye ngazi za nje.

"Kwa nini ulinyamaza?" nilimuuliza.

"Mwalimu, nina watu kumi na mmoja. Dolin mke wake ana mimba. Tak amemleta mama yake kutoka Gimhae kuishi naye. Wewe ukikataa unarudi jukwaani kwako. Hawa warudi wapi?"

"Basi tafuta bibi mwingine apige magoti, mbandike uso wangu."

"Ningetaka hivyo ningekuuliza?" Alipandisha sauti. "Unadhani mimi napenda?"

"Sijui unachopenda. Hukukisema."

Nikashuka zangu. Siku mbili baadaye mwandishi wa gazeti la hapa mjini akanipigia simu, na kwa kuwa bado nilikuwa na moto tumboni nikamwambia: anayetaka kuniona nimepiga magoti aje anipigishe mwenyewe, nakaa Namcheon, ghorofa ya nne, hakuna lifti. Wakaliweka neno hilo juu ya ukurasa, herufi kubwa. Marafiki zangu wa jukwaani wakanitumia pongezi. Wanawake nisiowajua wakanisimamisha sokoni kunishika mkono. Nikavimba kichwa kidogo, nisifiche.

Jumamosi ile tulikuwa na onyesho la mchana. Nilipotoka mlango wa nyuma nilimkuta mwanamke wa umri wangu, koti la zambarau la sufi, kofia ya jua ingawa jua halikuwepo, mkono mmoja ameushikia mgongo.

"Wewe ndiye wa gazetini?"

"Ndiye."

"Usiyepiga magoti?"

"Ndiye, dada," nikajibu nikitabasamu, nikidhani napongezwa tena.

"Mimi nilipiga."

Tabasamu likanikauka. Akaongeza: "Naitwa Ok Bunre. Nina njaa. Twende ukanilishe, maana ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema nimesimama."

Tukaingia kwa mama mmoja anayeuza supu ya nguruwe na wali nyuma ya ukumbi. Bunre alitia vitunguu majani kwenye bakuli lake, akatia chumvi ya uduvi, akala vijiko kadhaa kabla hajafungua mdomo.

"Mjukuu wangu ndiye aliyenionyesha hiyo gemu yako. Nilipomwona yule mama anaingia ofisini nilimwambia mjukuu, zima. Akakataa, akasema subiri, bibi, huyu hapigi. Na kweli hukupiga." Akaweka kijiko. "Mdogo wangu aliitwa Bunsim. Tulikuwa wote kiwandani, kwenye gundi ya viatu, meza moja. Alianguka kazini mwezi wa kwanza, asubuhi, hakuamka. Wakasema alikuwa na ugonjwa wake wa kutoka nyumbani na sisi tumewaficha. Wakaukalia mwili. Baba alikuwa kitandani. Mwanamume wa kwenda kwa mwenye kiwanda hakuwepo, nikaenda mimi."

"Pole, dada."

"Ngoja. Huyo bwana alikuwa ana sahani ya machenza mezani. Nilipiga magoti, akamenya chenza. Hakusema kitu. Alikuwa anazitoa zile nyuzi nyeupe moja moja, anazipanga pembeni ya sahani. Akala. Akachukua la pili. Simu ikalia, akaongea, akacheka na mtu huko, akarudi kwenye chenza lake. Mimi nipo chini. Maganda yalipojaa sahani akasema, haya, kamchukue. Nikamchukua. Nikamzika kwetu Hadong, ubavuni kwa babu." Akanikazia macho. "Sasa nikuulize wewe shujaa. Mtoto wako yuko wapi?"

"Nani?"

"Jonga. Ulisimama, ukatoka, ukaketi getini. Mtoto yuko wapi?"

"Gemu haisemi."

"Haisemi! Mimi nakwambia. Wangemchoma kimya kimya wakamwaga majivu." Alifuta mdomo kwa kiganja. "Hao vijana wanaokutukana ni watoto, hata siwajali. Ila wewe umesimama mbele ya mji mzima ukasema anayepiga magoti si mtu. Kwa hiyo mimi si mtu?"

Nilikuwa na majibu ya kila tusi, lakini hilo halikuwa tusi. Mama wa supu alikuja kuniuliza kama nyama ina kasoro, maana bakuli langu lilikuwa limepoa bila kuguswa.

"Sikusema hivyo," nilijitetea.

"Ulisema kwa herufi kubwa."

Mwishowe nilimuuliza kitu ambacho nadhani mtu mwingine angeona haya kukiuliza, lakini mimi ni mwigizaji na sisi hatuna haya.

"Ulipokuwa chini, ulikuwa unatazama nini?"

Alifikiri. "Soksi zake. Zilikuwa safi sana."

Jumatatu nilikwenda Yeongdo. Ranhi aliponiona akasimama wima kama mwanafunzi. Hatukuwa tumesemezana tangu zile ngazi.

"Nitapiga magoti," nilimwambia.

"Mwalimu, usifanye kwa ajili yetu. Nimeshaandika barua ya kuwakatalia—"

"Nani kasema kwa ajili yenu? Wala kwa huyo Seonu na jua lake linalochomoza. Keti nikueleze."

Nilimweleza. Katikati ya maelezo alivua miwani. Nilipomaliza aliuliza tu: "Atakubali kuja?"

Bunre alikubali kwa sharti moja, jina la mdogo wake liandikwe mwishoni, wanapoandikwa wote waliofanya kazi. Akaja na koti lile lile, akapewa kiti karibu na kamera. Tak, ambaye ndiye mkubwa wa mwili kuliko wenzake, akawekwa mezani kuwa mwenye kiwanda, na sahani ya machenza mbele yake.

Mara ya kwanza nilipiga magoti kama malkia aliyetekwa. Mgongo umenyooka, macho yanawaka. Vijana walikuwa karibu kupiga makofi. Bunre akasema kutoka kitini:

"Hapana. Usimtazame."

"Kidogo tu, dada, wajue kwamba ndani sijavunjika."

"Ukimtazama atakasirika, na mtoto atabaki huko. Hukwenda pale kujionyesha. Umekwenda kumchukua mtu."

Sijapata kuelekezwa hivyo na mwongozaji yeyote. Nikainamisha kichwa. Nikatafuta soksi za Tak. Zilikuwa na picha za bata, lakini nilizitazama. Akamenya, nyuzi moja moja. Nilisikia harufu ya maganda, na sauti ya mate yake. Chenza la pili. Simu. Kicheko. Nilitaka kunyanyuka kama nilivyonyanyuka mara ile, na safari hii ushujaa wangu wote niliutumia kubaki chini. Ndipo nilipojua yule mwanamke alifanya kazi gani siku ile.

"Haya, kamchukue," Tak akasema.

Sikuweza kuinuka. Bunre alikuja akanishika kwapani, akanivuta juu kama gunia, akanipangusa magoti.

"Hivyo," alisema.

Bwana Seonu alikuja kuitazama kazi kabla haijatoka. Mwanzoni alifurahi, aliliona goti linagusa sakafu akapiga paja. Kisha chenza likaanza. Akatazama saa. Chenza la pili lilipochukuliwa akakohoa.

"Vizuri sana. Sasa tukate. Sekunde kumi, muziki, mwili."

"Hakuna muziki," Ranhi alijibu.

"Basi wekeni kitufe cha kuruka. Hakuna mtu atakayekaa dakika zote hizo anatazama mtu anakula tunda."

"Mlitaka apige magoti. Amepiga. Hakuna kuruka."

"Bi Pyo, kuna gemu yenu ya pili mezani kwetu. Unaelewa ninachosema?"

Nilimtazama Ranhi. Aliingiza mikono chini ya mapaja akaikalia. Lakini macho hayakwenda kwenye viatu.

"Naelewa," alisema. "Na uso wa miaka thelathini hautakuwepo pia. Mkitaka kufuta jina la kampuni yenu, futeni. Langu libaki."

Bwana Seonu akaaga kwa heshima zote. Treni yake haikuwa imefika Daejeon, katikati ya njia, Ranhi akawauliza wenzake mmoja mmoja kama wako tayari, wakaitikia, wengine kwa sauti ndogo. Akabonyeza. Toleo jipya likaenda duniani mchana kweupe.

Figili alilicheza kesho yake. Tuliketi wote ghalani kumtazama, na mkate wa samaki kwenye vijiti umeganda mikononi. Alikuwa amevaa taji la karatasi.

"Mmeona?" aliwaambia watu wake. "Tumeshinda! Bibi ametii! Leo ni sikukuu!" Akabonyeza kwa dole gumba, kwa madaha. Mama Jonga akateremka, goti likagusa. Figili akaruka, akacheza, akaimba ule wimbo. Chenza likaanza kumenywa.

"Mzee anakula. Kula, mzee." Akacheka. "Ana njaa huyu." Akangoja. Akatafuta kitufe cha kuruka, hakipo. Akabonyeza vyote. "Imekwama?" Haikuwa imekwama; nyuzi nyeupe zilikuwa zinapangwa sahanini. Alitania kuhusu machenza ya kisiwa cha Jeju. Alitania kuhusu simu. Utani ukamwishia. Pembeni ya picha yake maneno ya watazamaji, ambayo siku zote hukimbia kama mto, yakapungua kasi, kisha nikaona mtu mmoja ameandika *inuka bibi*. Mwingine akafuata. *Inuka. Muinue. Figili muinue.*

"Siwezi kumwinua!" Figili alisema. Alikuwa amevua taji. "Hakuna kitufe cha kumwinua. Hii ni gemu gani? Huu ni upuuzi. Upuuzi mtupu."

Akazima matangazo kabla mwili haujatolewa.

Jioni yake akatuandikia: *Gemu mbaya. Imenifanya nijione mbaya. Msiinunue.* Dole chini. Nimepata sifa maishani, si nyingi, na nimezisahau nyingi zao. Lile dole chini nimelishika kwa moyo.

Nisikudanganye kwamba mambo yalitunyookea. Kampuni iliiondoa ile gemu ya pili mezani kwake kama ilivyoahidi. Watu wanne wakaaga, Dolin akiwa wa kwanza, na Ranhi aliwasindikiza hadi kituoni mmoja mmoja. Alama zetu zilipanda kidogo zikakwama penye "mchanganyiko", na zipo hapo hapo. Bwana Gil wa Seoul aliicheza upya na kuandika makala ndefu. Alisema amekaa chini ya lile onyesho kama mtu aliyefungiwa chumbani, na kwamba bado anaamini hii ni filamu, na alama haibadilishi. Nikampenda kwa hilo. Uso wangu bado unatukanwa. Ila wimbo umekufa. Watoto wa kituoni wana wimbo mwingine.

Bunre mwenyewe hakuwa ameicheza, alikuwa ameitazama tu kwa mjukuu. Majira ya kuchipua nilimpeleka ukumbi wa kompyuta kule Seomyeon, tukaketi kwenye viti vile vikubwa kama vya rubani, vijana wametuzunguka na vipokea sauti masikioni wanarushiana risasi. Akashika pedi ya kuchezea kama anayeshika kaa hai. Ilituchukua mchana mzima na bakuli mbili za tambi. Alipotea kwenye ngazi, akagombana na mhusika mmoja kwa sauti, akakataa katakata kumwamini kasisi.

Ofisini vitufe viwili vikatokea. Akavitazama.

"Vyote viwili sasa vinafanya kazi?" aliuliza.

"Vyote."

Dole gumba lilikaa hewani. Sikumsaidia. Kisha akabonyeza KUSIMAMA, kwa nguvu hadi pedi ikalia. Mama Jonga akageuka akatoka, akashuka ngazi za kiwanda, akaketi getini na picha yake. Wasichana wakaanza kutoka, mmoja, wawili. Bunre alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Lo," alisema kwa sauti kubwa, akilia na kucheka kwa pamoja, "tazama wanavyokuja. Gumsun, tazama. Tazama wanavyokuja!"

Kijana wa safu ya mbele akavua vipokea sauti, akageuka.

"Bibi, samahani, mnaweza kupunguza sauti? Watu tunacheza hapa."

"Punguza wewe," Bunre alimjibu bila kuondoa macho kwenye skrini. "Sisi tuko msibani."